Kwetu, Mwetu, Petu: Kulea Familia Mbali na Nyumbani

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi. Umechapwa kama ulivyosemwa, baada ya mzungumzaji kufanya masahihisho machache.

Poleni na joto. Mimi nimekaa miaka 26 nikilalamikia baridi, kwa hiyo leo sina haki ya kusema neno juu ya hizi feni.

Niliombwa nizungumzie maisha ya familia ughaibuni. Kusudi langu ni dogo zaidi ya hilo. Nataka kueleza kwa nini mtu anaweza kuwa na nyumba, mwenzi, watoto na friji iliyojaa huko aliko, na bado akaishi kama abiria aliyekaa stendi na begi mapajani, akisubiri gari lisilotangazwa. Nitaeleza pia ni kitu gani kilichonifanya mimi niliweke lile begi chini. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu. Ya tatu inawahusu ninyi mliobaki kuliko inavyonihusu mimi, kwa hiyo tafadhali msisinzie kabla yake.

Wengine hapa mnanikumbuka. Nilifundisha Kiswahili katika sekondari moja ya mji huu. Mwaka 1997 nilimfuata mume wangu, mtu wa Mombasa, tukahamia Leicester, mji wa katikati ya Uingereza usio na bahari. Cheti changu cha ualimu kilikaa kwenye bahasha. Nilipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Leo nalisema hili kwa kipaza sauti. Miaka mingi sikuthubutu hata kuliandika kwenye barua.

Lakini mwalimu wa ngeli haachi ngeli, na somo la leo linaanzia huko. Wanafunzi wa kidato cha pili nisaidieni. Kuna nyumbani kwangu, nyumbani pangu, na nyumbani mwangu. Zinatofautianaje? ... Vizuri, huyo binti kaa. *Ku* ni mahali kwa jumla, pasipo mipaka dhahiri, mara nyingi mbali. *Pa* ni mahali mahususi, unapoweza kupaonyesha kwa kidole. *Mu* ni ndani. Mimi nilifundisha hivyo miaka 6, nikasahihisha mitihani, nikawapa watu alama, na sikuwa nimeelewa nilichokuwa nikikifundisha. Nilikielewa Leicester.

Tazameni na jambo jingine. Mswahili hata akiwa peke yake duniani husema "kwetu". "Kwangu" ni pale alipopanga chumba. "Kwetu" ni waliko watu wake, walio hai na waliozikwa. Mtu akikuuliza "kwenu wapi?" haulizi anwani.

Basi aliye mbali ana *kwetu* ambako hayuko. Akifunga mlango usiku ana *mwetu*, humo ndani ya kuta nne. Asichokuwa nacho ni *petu*: pale nje ya mlango, panapoonyesheka, ambapo watu wanaijua nyumba yako na wewe unazijua zao. Mengi yanayoitwa upweke wa ughaibuni, kwa maoni yangu, ni kuishi kwa ngeli mbili pale panapohitajika tatu.

Hoja ya kwanza: kinachokosekana kwanza ni mikono

Watu hudhani anayeondoka hutamani bahari, minazi na samaki wa kupaka. Hutamani, ndiyo. Lakini hayo huuma kama njaa, ukila kitu yanatulia. Kuna siku inayokuja ambapo unagundua kwamba nyumbani ilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na watu wake.

Siku hiyo kwangu ilikuwa Januari 1999. Nilijifungua binti yetu wa kwanza. Hospitali walinihudumia vizuri, na kesho yake wakaniambia niko huru kwenda nyumbani. Huru! Kina mama mliomo humu mnajua mzazi wa siku moja anavyotakiwa kuwa. Kwetu ningewekwa ndani siku 40. Mama angenikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Shangazi angesimamia uji wa pilipili manga. Wifi angefua. Mama mdogo angemshika mtoto ili nilale, na jirani angekuja kuniambia kwamba mtoto amefanana na baba yake hata kama hakufanana. Watu watano au sita, kila mmoja na cheo chake, na hakuna anayejiona anafanya hisani.

Leicester tulikuwa wawili. Mume wangu akanunua kadi ya simu, zile za kukwangua, akapiga dukani kwa jirani yetu Barabara ya 12, Ngamiani, wakamwita mama. Mama akaanza kumwelekeza mkwewe namna ya kumkanda mzazi. Jambo hilo kwa mila zetu ni aibu tupu, lakini angefanyaje? Akasema maji yawe moto kiasi cha mkono kuyavumilia, kitambaa ukikamue vizuri, halafu uanzie ki...

Kadi ikaisha.

Mume wangu alibaki na kitambaa mkononi na silabi moja. Kiuno? Kifua? Kitovu? Naona mnacheka. Sisi hatukucheka. Mimi nililia, mtoto akalia, na yule mwanamume maskini akawa anapepesa macho kama mtahiniwa aliyekosa ukurasa wa pili wa maswali.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa mkono wa kulia, mama wa Kihindi wa makamo ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukipungiana mikono tu. Ameshika bakuli lenye vitufe vya rangi ya kahawia. Nilinusa kabla sijaona: uwatu. Uwatu, samli na sukari guru. Akaniambia, "Mama, kula hii. Maziwa takuja."

Mimi, mwalimu wa upatanisho wa kisarufi, nilipaswa kumsahihisha. Nilimkumbatia.

Alizaliwa Kampala. Mnakumbuka Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban watu 28,000 waliingia Uingereza, na wengi walielekea Leicester kwa sababu walikuwa na jamaa kule. Baraza la mji lile halikuwataka. Lililipia tangazo katika gazeti la *Uganda Argus*, lililochapishwa Kampala, likiwasihi wasije Leicester: nyumba hazitoshi, shule zimejaa. Wakaenda hivyo hivyo. Leo ukipita Belgrave Road ni maduka yao ya dhahabu, vitambaa na vitamu, na siku za Diwali barabara hufungwa, taa zikawashwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na wakuu wa mji ule ule huja kusherehekea nao.

Ukiingia katika migahawa yao utaona kwenye orodha chakula kiitwacho *mogo*. Mgeni hudhani ni neno la Kigujarati. Ni muhogo wetu, uliodondosha silabi moja njiani. Wanaukaanga, wanautia pilipili na ndimu, kama tunavyoula pale Raskazone. Watu hawa asili yao ni Gujarat, walifukuzwa Uganda, wamekaa Uingereza nusu karne, na wanachokitamani jioni ya mvua ni muhogo. Tangu siku ile siamini tena anayeniambia kwamba mtu ana kwao kumoja.

Yule mama alikuja kila jioni kwa wiki tatu. Wanangu walikua wakimwita Bibi Kampala. Alikuwa ameshika nafasi ya shangazi, na hakuna aliyemteua. Hoja yangu ni hiyo: vyeo vya nyumbani hubaki wazi unapoondoka, na kutamani nyumbani kwa sehemu kubwa ni kuvitazama vile viti vitupu. Viti vinaweza kukaliwa. Ila lazima mtu aruhusu mlango ugongwe.

Hoja ya pili: humu ndani, na hatari ya kugeuka makumbusho

Baada ya kupata nguvu niliamua nyumba yangu iwe Tanga. Nilikuwa na kanga mlangoni, nazi za kopo kabatini, na mbuzi ya kukunia nazi niliyoisafirisha kwenye begi nikaulizwa uwanja wa ndege kama ni silaha. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukivuka kizingiti, Kiswahili. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni.

Nitakiri kwamba ilifanya kazi kwa kiasi. Wanangu wanasikia na wanasema. Lakini lugha si kitu unachofunga kwenye mfuko wa plastiki kisije kikaota ukungu. Nitoe mfano wa saa.

Sisi tunahesabu saa kwa jua. Linachomoza, tunaanza moja. Hesabu hiyo inafaa hapa, ambapo jua lina adabu, linakuja na kuondoka karibu wakati ule ule mwaka mzima. Leicester mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Magharibi saa kumi! Unatoka kuswali adhuhuri, unageuka, alasiri imepita. Mwezi wa Juni magharibi huja saa tatu na nusu usiku, na watoto wanagoma kulala kwa sababu nje kweupe. Ukitazama dirishani, saa yetu inakuwa haina maana.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 7, mama yangu alimwambia, "Mjukuu wangu, Jumamosi nipigie saa mbili." Alikusudia saa mbili ya usiku, amekwisha kula na kuswali isha. Mtoto akatazama saa ya ukutani. Mkono mfupi ulipofika kwenye 2 mchana, akapiga. Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni, bibi yuko shughulini kwa watu, simu ameiacha ndani. Akapiga mara nne. Niliporudi kazini nilimkuta amevimba macho, amekata shauri kwamba bibi ni mwongo.

Nilinunua saa nyingine ya ukutani nikaitegesha kwa hesabu ya bibi, nikaitundika karibu na ile ya kwanza. Ile ya kwanza ikionyesha 5, hii inaonyesha 2. Wageni wa Kiingereza walikuwa wakiniambia kwa upole kwamba saa yangu moja imeharibika. Hiyo nilijivunia kuliko kanga zote, kwa sababu haikuwa ya urembo: mtoto aliitumia kumpata mtu.

Sasa makumbusho. Mwaka 2016 tulikuja Tanga wote wanne. Safari yote ndani ya ndege nilikuwa nikiwasimulia wanangu juu ya mji wa baiskeli, watoto wanaocheza kombolela mpaka adhana, na heshima ya kumwamkia kila mtu njiani. Tulipofika, binamu zao walitupokea mlangoni na swali moja: mmeshawahi kumwona Vardy? Mnakumbuka ule mwaka Leicester City walikuwa wamechukua ubingwa wa Uingereza. Vijana wa Barabara ya 12 waliijua timu ile mchezaji kwa mchezaji. Mwanangu, aliyezaliwa Leicester, hapendi mpira.

Halafu lugha. Mwanangu aliuliza kwa ufasaha, "Je, tutapata pikipiki ya kukodi?" Binamu yake akamtazama, akasema, "We unaongea kama redio ya zamani. Sema boda." Wakati mimi naondoka bodaboda hazikuwapo barabarani, wala bando, wala kutumiana lokesheni. Nilikuwa nimewafundisha wanangu Kiswahili cha 1997, safi kabisa, kama sahani ya kabatini ambayo hakuna anayeilia.

Pale nikaelewa kwamba ile Tanga niliyoilinda Leicester haikuwepo Tanga. Ninyi mlikuwa mmeendelea na maisha yenu, tena bila kuniomba ruhusa. Wapo waliokasirika na hali hiyo na kuanza kuwasema vibaya mliobaki, kwamba mmepotoka. Mimi nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikapanda boda.

Hoja ya tatu: ukimya

Hapa ndipo nilipoomba msisinzie.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ana riwaya mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Katika *Admiring Silence* ya mwaka 1996, msimulizi ni Mzanzibari anayeishi Uingereza na mwanamke wa Kiingereza. Wamezaa binti, binti amekua, na kwao Unguja hajawaambia kitu. Anaporudi kuwatembelea, jamaa wamekwisha kumtafutia mchumba. Katika *The Last Gift* ya mwaka 2011, ukimya umegeuza uso: mtu aliyewahi kuwa baharia, aitwaye Abbas, hajawaambia mkewe na wanawe wa Uingereza alikotoka wala alichokikimbia, mpaka anapougua. Mmoja anawaficha wa nyuma, mwingine anawaficha wa mbele. Nilipozisoma nilihisi kama mtu ameingia nyumbani mwangu akafungua droo.

Maana mimi pia nilificha. Kwa miaka 10 mama na baba waliamini kwamba nafundisha. Sikusema uongo waziwazi. Walisema "mwalimu wetu wa Ulaya", nami sikukanusha. Nilituma pesa kila mwezi, na pesa hizo zilifanya kazi ya kuziba mdomo wangu. Ningesema vipi kwamba zimetoka katika kubadilisha shuka za wazee usiku? Na mlivyokuwa mkiomba! Ada, bati, msiba, kamati ya harusi. Siwalaumu. Mliomba kwa yule mtu niliyewachorea.

Kuhusu kiwanja nitapita haraka. Nilitaka kujenga, nikamwachia ndugu mmoja, simtaji, na hayumo humu. Nilitumiwa picha ya msingi, kisha picha ya boma limefika lenta, kisha picha zikakoma. Mwaka 2016 nililiona lile boma kwa macho. Halikupauliwa. Katikati ya chumba changu cha kulala palikuwa na mpapai, umezaa. Tulichuma mapapai mawili tukala. Ndugu yangu naye alikuwa na watoto na shida ambazo hakuniambia, kama mimi nilivyokuwa na zangu. Tulikuwa tukiandikiana miaka yote ile, kila mmoja akimwandikia mtu ambaye hayupo.

Lakini kuna ukimya mwingine, na huo ni wenu.

Baba yangu alifariki mwaka 2007. Alizikwa siku ile ile kama ilivyo dini yetu, na hata ningepanda ndege saa ile nisingewahi. Hilo nalielewa. Nisilolielewa mpaka leo ni kwamba niliambiwa siku ya tisa. Kwa siku 9 nilipiga simu na kujibiwa, "Mzee anaendelea." Ndugu zangu walikaa kikao wakakubaliana nisishtuliwe, niko peke yangu, nina watoto wadogo. Walifanya kwa huruma. Siku ya sita nilituma pesa za dawa.

Baadaye nilihesabu zamu zangu kwenye karatasi. Asubuhi ile baba anaoshwa, mimi nilikuwa Leicester namwogesha baba wa mtu mwingine. Kama ningejua, ningeifanya kazi ile kwa namna nyingine. Huenda nisingeweza kuifanya kabisa. Lakini uamuzi ungekuwa wangu.

Kwa hiyo nawaomba, wazee wangu. Mwanao aliye mbali akikuuliza hali, mwambie hali. Mwambie sukari imepanda, mwambie mvua imebomoa ukuta wa choo, mwambie dada yake ameachika. Msimpe habari zilizochujwa kama tui la kwanza. Mtu asiyeambiwa huzuni ya nyumbani ameshatolewa nyumbani, hata mkimwita mwenzenu. Nanyi mkimuuliza anafanya kazi gani na akababaika, msimtanie.

Mimi nilimwambia mama mwaka 2008, baada ya arobaini ya hasira zangu kwisha. Nilisema, "Mama, mimi naogesha wazee." Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha akauliza, "Unawaogesha vizuri?"

Hoja ya nne: petu

Wanaposema "rudisheni mizizi", "mwacha asili ni mtumwa", mimi huwa najikunakuna. Methali ile ina ukweli wake kwa aliyeiacha asili kwa dharau. Lakini nimeona familia ambazo hazikuacha kitu, zimebeba kila kitu, na bado hazina mahali pa kusimama. Kila mwaka wanasema mwakani tunarudi. Hawanunui kabati nzuri kwa sababu mwakani tunarudi. Hawajui jina la jirani kwa sababu mwakani. Mtoto anamaliza shule, anaoa, mwakani bado haijafika.

Petu hupatikana kwa vitu vidogo vinavyoonekana kwa kidole. Cha kwangu cha kwanza kilikuwa kishamba. Halmashauri za Uingereza hukodisha vipande vya ardhi kwa wakazi wanaotaka kulima, na mume wa Bibi Kampala alikuwa na kimoja. Alipozeeka goti, tulilima naye. Mchicha tuliupanda Mei, tukauchuma mpaka sakitu ya Oktoba ilipouchoma. Yeye pia aliuita mchicha. Majirani wa kishamba, Mjamaika mmoja na Mwingereza mmoja, walikuwa na yao ya kusema. Yule Mjamaika alituambia kwao mboga hiyo huitwa *callaloo*, na Mwingereza alisema kwao ni gugu. Tulibishana miaka 11, na katika kubishana huko nikawa mtu wa pale.

Cha pili kilikuwa darasa la Jumamosi. Tuliazima chumba nyuma ya maktaba ya mtaa tukafundisha watoto Kiswahili. Walikuja wa Tanzania na Kenya, halafu wakaja wa Burundi na wa Kongo ya mashariki. Siku moja mtoto wa Bukavu alisema "minakuya", nami nikamsahihisha: sema "ninakuja". Akarudia. Nikafurahi. Mama yake alinisubiri mlangoni, akaniuliza kwa nini namwambia mwanawe asiongee kama bibi yake. Nilianza kueleza Kiswahili sanifu. Akasema, "Mwalimu, bibi yake yuko Bukavu, vita imetutenganisha miaka minane. Hiyo *minakuya* ndiyo amebaki nayo."

Nilinyamaza. Wiki iliyofuata nilichora ubaoni safu mbili, kisha tatu, kisha nne: tunavyosema Tanga, tunavyosema Nairobi, tunavyosema Bujumbura, tunavyosema Bukavu. Watoto walipenda sana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na safu yake. Walimu wa hapa mnaweza kunishtaki. Naamini somo lile lilikuwa bora kuliko yote niliyofundisha kwa miaka 6 ya ajira.

Wapo mtakaoniuliza habari za uraia. Nitasema machache. Mume wangu ana pasi mbili, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu. Mimi nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 2006, na kwa sheria yetu mtu mzima hawezi kuwa na nchi mbili, hivyo nilipoteza huu wa kuzaliwa. Ninapotua naingia foleni ya wageni na kulipa viza ya dola 50. Mara ya kwanza kijana wa dirishani aliniuliza kwa Kiingereza, "First time in Tanzania?" Nikamwamkia kwa Kiswahili cha Ngamiani, akacheka, akasema, "Shikamoo mama, karibu nyumbani," akagonga muhuri wa mgeni. Vyote viwili alivifanya kwa dakika moja na hakuona mgongano. Sheria nawaachia wanasheria na wabunge. Ila sikumsikia mwanangu hata mmoja akisema kwamba pasi ndiyo iliyomfanya ajisikie yuko pake.

Sasa niwape siri yangu ya mwisho. Nilirudi miaka miwili iliyopita kumlea mama, ambaye hawezi tena kutembea. Namkanda magoti kwa maji ya moto, na kwa hiyo kazi niliyoificha miaka 10 ndiyo inayomhudumia, maana najua namna ya kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumuumiza. Niko kwetu. Nasikia adhana ya msikiti niliosomea. Na saa kumi jioni nashikwa na kitu kifuani, nakitafutia jina, nakuta ni Leicester: mwanga mdogo wa jikoni, mvua kwenye kioo, mume wangu anavua viatu mlangoni, binti yangu anagombana na mdogo wake kwa lugha mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Kwa siku zijazo

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Ninalo ombi moja kwa walimu na jambo moja langu binafsi.

Ombi ni hili. Kila Agosti mji huu hupokea watoto wa waliosafiri, wamekuja likizo wiki tano au sita, na wanashinda ndani na simu kwa sababu hawajui pa kwenda. Wafungulieni darasa moja, asubuhi tu. Wakae na watoto wa hapa. Msiwafundishe ngeli. Wapeni kazi: wapige hesabu ya samaki pale soko la Deep Sea, waandike hadithi ya babu wa jirani. Mimi nitajitolea kuandaa, kama kuna shule itakayotoa chumba na ufunguo. Tuanze na watoto kumi Agosti ijayo tuone.

La kwangu ni kwamba binti yangu, yule wa kadi ya simu, anatarajia kujifungua mwezi wa Julai. Mama amepata mtu wa kukaa naye, na mimi nimekata tiketi. Nimeuliza nibebe nini. Uwatu nimekatazwa, wanasema Belgrave Road umejaa. Nimeambiwa nije na mikono. Mkwe wangu ni Mwingereza wa Nottingham, na amenitumia ujumbe kwa Kiswahili alichojifunza kwenye simu, ananiuliza maji yawe ya moto kiasi gani na aanzie wapi. Nimemjibu asubiri, safari hii nitamwonyesha mwenyewe.

Mwenye swali na anyooshe mkono. Tunao muda kabla ya magharibi, na magharibi ya hapa, alhamdulillahi, haikurupuki saa kumi.